Shampuu ya gari ya bei mbaya: Unalipia nini hasa?

Goba ina lami ya kutoka Mbezi Mwisho hadi Tangi Bovu na nyingine ya kwenda Madale, lakini wakazi wengi wakishaiacha lami huingia kwenye vumbi. Anayeishi ndani kuelekea Kinzudi, Kulangwa au Matosa anajua kuwa gari lililooshwa Jumamosi huwa jekundu ifikapo Jumatatu jioni. Mvua zikianza, vumbi linageuka tope. Kunguru nao hawachagui gari la kuchafua.

Ndiyo maana kuosha gari limekuwa fungu la kudumu kwenye bajeti za familia nyingi. Wapo wanaolipia vituo vya kuoshea magari kando ya barabara, na wapo wanaooshea nyumbani, watoto wakisaidia kubeba ndoo. Kwenye maduka ya vipuri uchaguzi ni mpana: shampuu za nje kama Meguiar's, Sonax na Turtle Wax, zinazotengenezwa nchini, na sabuni ya maji ya kupima inayouzwa kwenye madumu. Bei zake zinapishana sana.

Je, ile ya bei mbaya ina thamani ya pesa yake? Kwa gari la kawaida la familia, jibu fupi ni kwamba shampuu ghali haisafishi zaidi kwa kiwango kinacholingana na bei yake. Kinachostahili pesa zaidi ni vitambaa na kinga ya rangi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho bidhaa ya dukani inacho na chupa ya kupima mara nyingi haina, nacho kinamhusu mzazi kuliko fundi rangi: lebo inayosema ndani kuna nini.

Kilichomo ndani ya chupa

Sabuni zote za maji, za bei yoyote, hufanya kazi kwa namna moja. Chembe zake zina pande mbili, moja unashika maji na mwingine unashika mafuta. Uchafu wenye mafuta hunaswa na upande wa pili, kisha maji yanausomba. Chembe hizo ndizo zinazosafisha, nazo si ghali.

Shampuu nzuri ya gari huongeza mambo mawili. La kwanza ni kutokuwa kali: kipimo chake cha pH huwa karibu na 7, ambacho ni sawa na cha maji safi. La pili ni utelezi. Shampuu huwekewa viungo vinavyofanya kitambaa kiteleze juu ya rangi ili mchanga usiburuzwe. Baada ya hapo kinachobaki ni rangi ya kupendeza, harufu ya matunda, povu jingi na jina la kampuni. Vyote hivyo unavilipia, ila haviongezi usafi.

Povu huwadanganya wengi. Povu jingi halimaanishi sabuni yenye nguvu, kama ambavyo uzito wa sabuni haumaanishi ubora. Watengenezaji wa sabuni ya maji mitaani wanajua kuwa chumvi kidogo ya kawaida huifanya sabuni iwe nzito bila kuiongezea uwezo wa kusafisha.

Maji nayo yana sehemu yake. Nyumba nyingi za Goba hutumia visima virefu, na baadhi ya visima hivyo vina maji ya chumvi. Maji ya namna hiyo hupunguza povu na yakikauka juu ya gari huacha madoa meupe. Shampuu ya gharama yoyote haitayaondoa kama gari litaachwa likaukie juani. Tiba yake ni kulifuta mara tu baada ya kulisuuza.

Sabuni ya unga, ya vyombo na ya kupima

Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kwa ajili ya nguo. Ni kali kuliko shampuu ya gari, kwa kawaida pH yake huwa kati ya 9 na 11, na punje ambazo hazijayeyuka zinaweza kukwaruza. Sabuni ya vyombo ni laini kwa mikono, lakini kazi yake ni kuondoa mafuta, kwa hiyo huondoa pia nta inayolinda rangi. Kuitumia mara moja hakuharibu gari. Kuitumia kila wiki bila kurudisha nta kunaiacha rangi bila kinga, na jua la Dar es Salaam, jiji lililo karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, halina huruma.

Sabuni ya maji ya kupima ni biashara inayolisha familia nyingi, na iliyotengenezwa vizuri inaosha gari bila tatizo. Wengi huitengeneza kwa kuchanganya asidi ya salfoniki na magadi ya viwandani, kisha huongeza viungo vya povu, chumvi, rangi na manukato. Baadhi huweka fomalini ili isiharibike. Asidi ikizidi, au magadi yakizidi, sabuni huwa kali: mikono hukauka, huwasha au huchubuka. Mtengenezaji makini hupima kila pipa kwa karatasi za pH, ambazo si ghali. Muulize kama anapima. Asipojua unazungumzia nini, tafuta mwingine.

Hesabu ya kila osho

Bei ya chupa pekee haitoshi kulinganisha, kwa sababu shampuu huchanganywa na maji kwa vipimo tofauti. Gawa bei kwa idadi ya mara utakazoosha.

Tuchukue mfano, na wewe uweke bei za duka lako. Shampuu ya nje ya mililita 500 kwa Sh30,000, ikihitaji mililita 25 kwa ndoo, inatosha mara 20. Hiyo ni Sh1,500 kwa kila osho. Shampuu ya nchini ya lita moja kwa Sh10,000, ikihitaji mililita 50, nayo inatosha mara 20, sawa na Sh500. Dumu la lita 5 la sabuni ya kupima kwa Sh7,500, ukitumia mililita 100 kila mara, linatosha mara 50, yaani Sh150.

Kwa anayeosha kila wiki, hiyo ni Sh78,000, Sh26,000 na Sh7,800 kwa mwaka. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni Sh52,000. Fedha hiyo ikipelekwa kwenye vitambaa vizuri, ndoo ya pili na nta, gari litafaidika zaidi.

Hesabu hiyo ina sharti moja: upime. Anayemimina kwa kukadiria anaweza kutumia mara tatu ya kinachohitajika, na shampuu iliyozidi ni ngumu kusuuza. Kifuniko cha chupa au kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi kinatosha kuwa kipimo, mradi kikombe hicho kibaki stoo na kisirudi tena ndani.

Kinachokwaruza ni mchanga

Rangi ya gari imefunikwa na tabaka angavu ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Vumbi la barabarani limejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko tabaka hilo. Ukipitisha tambara kavu juu ya vumbi, unasugua gari kwa msasa. Ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani kwenye magari meusi mara nyingi hutokana na kuosha na kufuta vibaya.

Njia salama haihitaji gharama kubwa. Weka gari kivulini na subiri boneti ipoe. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, ili mchanga uondoke. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Anzia juu ya paa na malizia chini, na matairi yawe na kitambaa chake. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa.

Vitambaa vya maikrofaiba vinastahili bei yake, kwa sababu nyuzi zake huinua chembe za uchafu badala ya kuziburuza. Vifue peke yake, bila laini ya nguo ambayo huziba nyuzi hizo. Tisheti kuukuu yenye mshono au kifungo inakwaruza hata ikiwa ndani ya shampuu ya kifalme.

Unapopeleka gari kwenye kituo, angalia ndoo kabla ya kuuliza wanatumia shampuu gani. Maji yakiwa ya rangi ya udongo na sponji moja ikizunguka magari yote, jina la shampuu halitakusaidia.

Kinyesi cha kunguru kisisubiri Jumamosi. Kikikaa juani kinaweza kuacha alama isiyotoka kwenye tabaka lile la juu. Kiloweshe kwa maji dakika chache, kisha kiinue taratibu bila kusugua.

Nta na seramiki

Hapa ndipo pesa inaweza kuleta tofauti ya kweli. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazil, hukaa wiki kadhaa hadi miezi michache. Nta zinazotengenezwa maabara hudumu zaidi. Zote huzuia maji na uchafu kushikana na rangi, hivyo kazi ya kuosha huwa nyepesi. Kopo moja la bei ya kati likitumiwa kila baada ya miezi mitatu linatosha kwa gari la familia.

Neno seramiki lina maana mbili sokoni. Kuna kinga inayopakwa na fundi baada ya kusafisha na kupiga polishi rangi, ambayo hukauka na kuwa tabaka gumu la kudumu muda mrefu. Na kuna shampuu au dawa ya kupuliza yenye kiasi kidogo cha viungo hivyo, ambayo kinga yake ni ya wiki au miezi. Usilipe bei ya kwanza kwa bidhaa ya pili. Hata hiyo ya fundi haizuii kokoto wala msumari wa jirani, na ikipakwa juu ya rangi yenye mikwaruzo, mikwaruzo hiyo inabaki pale pale.

Kwa gari la mtumba kutoka Japani ambalo rangi yake imeanza kupauka na kubanduka, shampuu na nta haviwezi kurudisha kilichokwisha. Hapo ni kazi ya fundi rangi.

Pale bei rahisi inapokuwa hatari

Kuna bidhaa za kuoshea gari ambazo hazipaswi kukaa kwenye nyumba yenye watoto, ziwe ghali au rahisi. Ya kwanza ni dawa za kung'arisha rimu zenye asidi. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki au amonium baifloraidi. Asidi ya haidrofloriki ikigusa ngozi inaweza isiume mwanzoni, kisha ikapenya hadi kwenye mfupa, ikavuruga kalisi ya mwili na kuathiri moyo. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, ripoti iliyotolewa mwaka 2015 ilieleza wafanyakazi 48 waliounguzwa na asidi hiyo katika kazi ya kuosha magari na malori kati ya mwaka 2001 na 2013, pamoja na muosha malori mmoja aliyefariki baada ya kuinywa. Hao ni watu wazima waliokuwa kazini. Rimu za gari la familia zinasafishika kwa shampuu, brashi na subira.

Ya pili ni mafuta ya taa na dizeli, ambavyo hupuliziwa chini ya gari au kwenye injini ili vionekane vimeng'aa. Havina faida kwa mpira wa matairi wala mabomba ya injini, kwani huuharibu. Mafuta ya taa ni miongoni mwa vitu ambavyo watoto wadogo hunywa kwa bahati mbaya mara kwa mara katika nchi zinazoendelea. Hatari kubwa ni pale yanapoingia kwenye mapafu, hata kiasi kidogo, na kusababisha homa kali ya mapafu.

Ya tatu ni chupa yenyewe. Sabuni ya kijani, dawa ya matairi au kimiminika cha rejeta kikipimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, mtoto wa miaka miwili anaona kinywaji. Watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne ndio walio hatarini zaidi kwa sababu hujaribu kila kitu kwa mdomo na hawajui kusoma. Chupa ya asili ina jina la bidhaa, maelekezo ya huduma ya kwanza na mara nyingine kifuniko ambacho lazima ukibonyeze ndipo kizunguke. Ukihamishia kwenye chupa ya maji, umetupa vyote hivyo.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia kemikali hizi nchini, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Kemikali ya Serikali. Mzazi dukani anaweza kuanza na alama. Tafuta michoro iliyo ndani ya pembe nne zenye mpaka mwekundu. Mkono na chuma vinavyoliwa na kimiminika maana yake kinaunguza. Moto maana yake kinashika moto. Fuvu maana yake ni sumu inayoweza kuua. Alama ya mshangao ni onyo la kuwasha au kudhuru.

Ndani ya gari, mtoto anapokaa

Usafi wa ndani unagusa afya zaidi ya usafi wa nje, kwa kuwa mtoto hushika na kulamba. Dashibodi haihitaji mafuta ya kung'arisha. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo isiyo kali kinatosha. Mafuta hayo yakifika kwenye usukani au pedeli, yanateleza, na dashibodi inayong'aa sana huakisi jua kwenye kioo cha mbele.

Manukato ya gari huficha harufu bila kuondoa chanzo chake. Gari likishinda juani, joto huongeza mvuke wa manukato hayo, na kwa mtoto mwenye pumu linaweza kuwa chanzo cha kubanwa kifua. Maziwa yaliyomwagika au matapishi yanahitaji kuoshwa, kukaushwa na kupigwa na hewa, milango ikiwa wazi.

Mikanda ya kiti cha mtoto isafishwe kwa maji na sabuni laini tu, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Dawa ya madoa na dawa kali nyingine zinaweza kudhoofisha nyuzi za mkanda bila jicho kuona.

Watoto wakisaidia kuosha

Watoto wanaweza kusaidia, na wengi hufurahia. Wape kazi ya kumwagia maji, kusuuza, kupangusa viti na kukung'uta mazulia ya gari. Dawa za rimu, za matairi na za injini ziwe kazi ya mtu mzima mwenye glavu. Mashine ya presha isiwe mikononi mwa mtoto, kwani maji yake yanaweza kupasua ngozi au kuumiza jicho.

Ndoo zimwagwe mara tu kazi inapoisha. Mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache, kimya kimya, wakati mzazi anafuta kioo upande wa pili.

Ikitokea ajali

Mtoto akimeza bidhaa ya kuoshea gari, usimtapishe. Kitu kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Msuuze mdomo kwa maji. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi bila kuelekezwa na mtoa huduma za afya. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe chupa yenyewe, kwa kuwa daktari anahitaji kujua kilichomo.

Ikiingia jichoni, fungua jicho na litiririshie maji safi kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali. Ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na osha kwa maji mengi. Kama ni dawa ya rimu yenye asidi, nenda hata kama mtoto halalamiki maumivu.

Pesa yako ianzie wapi?

Kwa bajeti ya kawaida, anza na vitambaa vinne au vitano vya maikrofaiba na ndoo ya pili. Fuata na shampuu ya bei ya kati isiyo kali, yenye lebo, kipimo cha kuchanganya na jina la mtengenezaji. Tatu ni nta moja nzuri. Dawa ya matairi ikiwa ya lazima, chagua inayochanganyika na maji badala ya yenye mafuta, na ipakwe ubavuni mwa tairi tu, isiguse sehemu inayokanyaga barabara wala breki. Shampuu ya bei mbaya iwe ya mwisho, kwa anayependa harufu yake na mwenye nafasi.

Kabla ya kununua chochote, fungua stoo au buti la gari leo. Chupa yoyote ya maji au soda yenye kimiminika usichokumbuka isiendelee kukaa hapo, na isimwagwe karibu na kisima. Unayoijua, irudishe kwenye chombo chake. Usiyoijua, ifunge vizuri, iandike kwa maandishi makubwa kuwa ni sumu, na iweke juu kwenye kabati la kufuli mpaka utakapoipeleka kwa aliyekuuzia. Kazi hiyo haigharimu shilingi.